Kununua mashine za useremala Dodoma: muulize anayezifungua

Mashine ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu ilikuwa randa ya umeme, na haikuwa ya bei ya kutupa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapoeleza yaliyonipata, anayesikiliza huwa na jibu tayari: "Ulitaka vya bei chee." Hapana. Nililipa 320,000. Boksi lilikuwa jipya, jina lililoandikwa ubavuni analijua kila fundi, stika inayong'aa ilikuwepo na kitabu cha maelekezo kilikuwa kwa lugha chungu nzima. Mwezi haukuisha, randa ikafa juu ya ubao wa mninga, na karakana ikanuka vanishi iliyoungua hadi jioni.

Mimi ni seremala. Nilisomea chuo cha ufundi cha VETA, nikafanya kazi chini ya fundi mwingine, kisha nikafungua karakana yangu Nkuhungu. Kwa muda mrefu mbao nilizipeleka kwenye mashine kubwa za watu: unapanga foleni, unalipa kwa kila ubao, unarudi nazo kwa guta. Lakini tangu Serikali ihamie huku na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, nyumba zinaota Ilazo, Iyumbu, Nala na kuelekea Mtumba, kila nyumba inataka milango na kabati, na foleni hizo zimekuwa za kukesha. Mteja aliponipa advansi ya kabati za jikoni kwa nyumba zake za kupangisha, niliona hesabu inakubali ninunue za kwangu.

Dukani muuzaji alinichagulia. "Dada, chukua hii, nyepesi, haitakuchosha mkono." Nilishukuru. Wanawake tunaoshika randa si wengi, na mtu akikujali unaona vizuri. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wepesi ule ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe.

Hesabu ya hasara, kwa anayetaka kujua: randa 320,000. Kujaribu kuifufua 70,000, ikaishi siku chache. Mteja akakata 150,000 kwa kuchelewa, na sikuwa na neno la kumwambia. Jumla 540,000, bila kuhesabu mbao nilizorudi kupanga nazo foleni kulekule nilikokimbia. Duka lilinionyesha maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilitoka nikiwa na hasira ya kulia, nikaenda kukaa kwa mama ntilie nisionwe na vijana wangu wa kazi.

Usiku huo nilifanya anachofanya kila mtu siku hizi, nikaingia kwenye simu. Video zipo nyingi. Jamaa anafungua boksi kwa tabasamu, anatoboa kipande cha mbao laini, anasema "mashine ya kazi", chini kuna namba ya kuagizia. Huyo ni muuzaji. Wengine ni mafundi kweli, wazungu wenye karakana safi kuliko sebule yangu, na hawana sababu ya kunidanganya. Ila wanapima kwa umeme wa volti 120 wa Marekani ilhali wetu ni 230, kwa hiyo hata mashine yenye jina lilelile si ileile ndani. Wanaranda paini, ambayo huku ni mbao ya Mafinga ya kupaulia. Mimi naranda mninga, na siku mbaya mkongo. Tena wao wananunua duka ambalo feki haifiki. Swali lao ni ipi bora kati ya halali tano. Langu lilikuwa: hii niliyoshika ni nini hasa?

Majina yenyewe nayo yanachanganya, na nilipoyafuatilia nikaacha kuyaabudu. DeWalt, Stanley na Black+Decker ni za kampuni moja ya Marekani. Milwaukee iko chini ya Techtronic Industries ya Hong Kong, na kampuni hiyohiyo ndiyo inayotengeneza mashine za Ryobi. Hitachi waliyoizoea mafundi wakubwa zetu imekuwa ikiuzwa kama HiKOKI tangu 2018. Bosch ina mashine za bluu kwa fundi wa kazi za kila siku na za kijani kwa mtu anayetundika picha nyumbani; jina moja, kazi mbili tofauti. Makita ni ya Japani lakini ina viwanda China, Romania na kwingineko. Kwa hiyo anayekwambia "imeandikwa China, hiyo feki" hajui, na anayekwambia "imeandikwa Japani, hiyo orijino" hajui zaidi, maana maandishi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayesuka mota, yaani kuzizungushia waya mpya, kwenye kibanda upande wa Sabasaba. Nilimpelekea randa kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Umeleta mgonjwa au maiti?"

Aliishika, akaipima mkononi bila kuitazama, akasema maiti. Kisha akaifungua mbele yangu, na hapo nilijifunza zaidi ya kote nilikopita. Alitoa amecha, yaani ile sehemu ya mota inayozunguka katikati, akakwaruza waya wake kwa ncha ya wembe. Chini ya vanishi yenye rangi ya shaba kukatokea weupe. Waya ulikuwa wa aluminiamu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takribani asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba ya unene uleule, na uzito wake haufiki theluthi ya shaba. Nyepesi, haitakuchosha mkono! Ukiibana mota ya namna hiyo kwenye mbao ngumu inapata joto kuliko inavyoweza kulitoa, vanishi ya waya inaungua, nyaya zinagusana, basi.

Akaendelea. Beringi zilikuwa wazi, hazina kifuniko cha kuzuia vumbi, na hapa kwetu kuanzia Juni hadi mvua zinaposhuka vumbi linaingia hata kwenye kabati iliyofungwa. Feni ya ndani ilikuwa ya plastiki laini, imeshapinda kwa joto. Na kaboni, vile vipande vyeusi viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha, vilikuwa vimebanwa kwa ripiti ili visitoke. Hilo ndilo lililomuudhi mzee kuliko yote. Kaboni huisha, ni kawaida yake kuisha, kazi yake ni kulika ili amecha isilike. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya fundi ina vifuniko viwili vya skrubu ubavuni: unafungua kwa bisibisi, unatoa za zamani, unaweka mpya, unarudi kazini kabla chai haijapoa. Nyingine unafungua bodi kwanza, ni sawa pia. Ya kuripitiwa imejengwa ife.

Nikamuuliza swali nililopaswa kuanza nalo kabla ya kwenda dukani: zipi zinarudi kwako? Akanionyesha rundo kona ya kibanda, limefika magotini. Mwanzoni nilitaka kulihesabu kama kura: jina hili zimo nyingi, basi ni bovu. Mzee akacheka. Zilizomo nyingi ni zile zilizonunuliwa na wengi, na tena ni zile ambazo mwenyewe aliona zinastahili kutengenezwa. Mbovu kabisa hazifiki kwake, zinaishia kwa wauza chuma chakavu. Cha kuuliza ni hii imekufa kwa nini. Akachambua: hii kaboni zimeisha, itapona kwa elfu chache. Hii swichi imeingia vumbi. Hii imeanguka toka ghorofani, haina kosa. Hii gia zimekwisha, spea zake zipo mjini. Hii amecha imeungua na haisukiki, wala hakuna duka lenye amecha yake hapa wala Dar. Aina hii ya mwisho ndiyo ya kukwepa, iwe na jina kubwa au dogo. Zile za China zisizojificha, kama INGCO na Total, hakuwa na chuki nazo. Alisema zinajitaja zilivyo, unajua umenunua nini. Chuki yake ilikuwa kwa mashine iliyovaa jina la mwenzake.

Tangu siku hiyo sinunui mashine ya umeme kabla sijapita kwa anayetengeneza, awe huyu au mwingine. Namtajia jina na namba ya modeli, namuuliza kama amewahi kuifungua na kama spea zake anazipata. Akisema hajawahi kuiona, naiacha. Pengine ni nzuri sana, lakini siku ikigoma itakuwa yangu peke yangu.

Dukani sasa mimi ni mteja wa kuchosha. Naomba maboksi mawili ya modeli moja na kulinganisha namba za usajili, maana kila mashine inapaswa kuwa na yake. Nimeshakuta mawili yenye namba moja, na muuzaji akaniambia ni ya kiwandani. Naomba mashine iwashwe. Nasikiliza beringi inapozima: nzuri inapungua taratibu kwa mlio mmoja, mbaya inakwaruza na kusimama ghafla. Nachungulia kwenye matundu ya hewa wakati inazunguka; cheche ndogo za bluu pale kaboni inapogusa ni za kawaida, lakini duara zima la moto wa rangi ya chungwa si la kawaida kwa mashine mpya. Nashika ekseli niitikise, isicheze. Na naipima uzito. Kampuni kubwa zote huandika uzito wa kila modeli kwenye tovuti zao, mara nyingi bila kuhesabu waya, kwa hiyo gramu mia mbili tatu zikizidi si neno. Ikipungua nusu kilo, kuna shaba haipo humo. Mara ya kwanza nilivuka barabara na mashine hadi duka la nafaka, nikaiweka kwenye mizani ya maharage, muuzaji wangu akinifuata nyuma kwa hofu. Duka linalokataa kuiwasha nalipa kisogo, hata kama bei yake imenivutia.

Wati ni uongo mwingine. Randa yangu marehemu iliandikwa wati 1,100. Makita KP0800, randa ya upana uleule wa milimita 82, imeandikwa wati 620 na inakula mninga siku nzima. Namba kubwa kwenye boksi haigharimu kitu kuichapa. Fundi umeme mmoja alinionyesha namna ya kuhakiki: unabana mita ya klampu kwenye waya mmoja, mashine ikiwa inakata kweli, unasoma ampea, unazidisha kwa volti. Sharti iwe inakata. Mashine inayozunguka bure huvuta umeme kidogo, na muuzaji mjanja au mteja mwenye haraka wote wanaweza kusoma namba hiyo wakadanganyika, kila mmoja kwa upande wake.

Kwa mashine za betri uongo ni wa kuchekesha. Utaona drili imeandikwa 48VF, 88VF, hata 198VF. Ile F hakuna anayeweza kukueleza. Seli moja ya lithiamu ya aina inayotumika humo ina volti 3.6. Betri halali ya volti 18 ina seli tano mfululizo, na ikiwa imejaa chaji hufika volti 21. Kupata 198 ungehitaji seli 55 mfululizo, na betri ungeibeba begani. Mdogo wangu aliinunua ya 88, tukaifungua: seli tano. Hakufurahi, ila alicheka pia.

Kuna njia ya mtumba, na sitaki kuikataa maana marafiki zangu wawili wana mashine nzuri sana za mtumba. Tahadhari ni moja ila ni kubwa: soma kibandiko cha volti kabla ya kuchomeka. Zitokazo Japani ni za volti 100. Za Uingereza zenye plagi kubwa ya njano ni za volti 110, kule ndivyo wanavyotumia kwenye maeneo ya ujenzi. Ukizichomeka kwenye ukuta wetu zinaunguruma kwa nguvu ya ajabu kwa muda mfupi na mwisho wake unaujua. Ukipata transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha, zinafanya kazi vizuri, lakini weka bei ya transfoma kwenye hesabu kabla hujasema umeokota dodo chini ya mchongoma.

Wengi waliniambia niende Dar, Kariakoo na Gerezani, kila kitu kipo na bei iko chini. Nilienda, na treni ya umeme imeifanya safari kuwa fupi mno kuliko basi. Bei iko chini kweli. Feki nazo zipo nyingi zaidi, zimepangwa mlango kwa mlango na halali, na waranti ya kule maana yake ni kusafirisha mashine mbovu kwa gharama yako na kungoja. Niliishia kununua Dodoma kwa kuongeza kama 40,000, duka ambalo mwenye nalo ananijua na mkewe amenunua meza kwangu. Nilidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la modeli, si "vifaa" tu. Risiti hiyo ndiyo ushahidi ukitaka kulalamika Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ya randa yangu ya kwanza iliandikwa kwa mkono "mashine 1". Ungelalamikia nini?

Si kila kitu ninachonunua ni cha gharama. Randa na ruta, ile mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao, zinafanya kazi kila siku, hizo nililipia. Jigiso, msumeno mdogo wa umeme wa kukata mikunjo, naitumia kwa nadra, nikachukua ya kati, na msasa wa umeme pia. Lakini kwenye meno ya msumeno, biti za ruta na visu vya randa sibanii hata senti. Mashine ya kawaida yenye kisu kikali inatoa kazi safi, na mota yake haiteseki. Mashine ya kifahari yenye kisu butu inaungua kama nyingine zote.

Grenda naitaja peke yake kwa sababu inakata watu vidole. Diski ya inchi nne na nusu kwa kawaida imeandikwa mwisho wa mizunguko 13,300 kwa dakika, ya inchi tisa karibu 6,600. Grenda ndogo huzunguka kama 11,000. Anayeng'oa kinga ili aweke diski kubwa kwenye grenda ndogo anaizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake, na ikipasuka haina adabu. Wale wanaofunga jino la msumeno wa mbao kwenye grenda, nimewaona wengi na nimemwona mmoja akipelekwa hospitali. Karakanani kwangu hilo haliingii, hata kazi iwe ya haraka namna gani.

Na umeme. Laini yetu tunatumia na mafundi wa kuchomelea mageti, jioni wote wakiwa kazini nimepima volti 195. Juu ya hapo kuna ekstensheni. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30 unapoteza kama volti 7 mashine ikivuta ampea nne na nusu, wa 1.5 unapoteza nusu ya hapo. Mota ikipungukiwa inapunguza mwendo, feni yake nayo inapungua kasi, wewe unasukuma kwa nguvu ili kazi iende, na joto linabaki ndani. Nilibadilisha ekstensheni, nikahamishia kazi ya kuranda asubuhi, na jioni nikaacha kwa kupiga msasa wa mkono na kufunga bawaba. Hilo halikunigharimu zaidi ya waya. Kila Jumamosi tunapeleka mashine kwa fundi pancha jirani azipulize upepo wa kompresa kwenye matundu. Anatutoza mia tano, na vumbi linalotoka ungeshangaa lilikaa wapi.

Randa ninayotumia sasa ilinunuliwa pamoja na jozi mbili za kaboni siku ileile, kwa sababu duka lenye mashine leo si lazima liwe na kaboni zake mwakani. Jozi moja imeshatumika. Drili ya betri bado sijanunua. Kwa kawaida betri za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine, kwa hiyo ukichagua ya kwanza umechagua zote zitakazofuata, na mzee wa Sabasaba hatengenezi betri. Kuna kijana Majengo nasikia anabadilisha seli. Nitaanza kwake.